Usiniambie Jibu, Mama

Binti yangu alirudi nyumbani mchana wa siku ya kazi, na begi moja, akanisalimu, akapitiliza hadi chumba chake cha zamani, akalala. Mimi nilikuwa na pazia refu mezani, nusu limepindwa, nusu linaburuta sakafuni, na chaki mkononi. Nikabaki nimesimama vilevile. Mtoto aliyeolewa harudi kwao katikati ya juma bila kupiga simu, bila hata kuchungulia jikoni kuona kumepikwa nini.

Jamani, mimi si mtu wa kunyamaza. Wateja wangu wananiita Mama Redio, na hawanisingizii. Nashona mapazia chumba cha mbele, na kila anayeingia na vipimo vya madirisha yake hutoka na mapazia na ushauri, na huo ushauri sitozi. Kwa hiyo jioni ileile nilimketisha binti yangu kwenye kiti cha wateja nikamuuliza. Amekupiga? Hapana. Ana mwanamke nje? Hapana, mama. Mmegombana? Hapana. Kazini je? Nimeomba likizo. Sasa ni nini? Akanitazama kwa macho yaleyale ya baba yake, Mungu amrehemu, ambaye naye ukimbana alikuwa anageuka jiwe. Akasema, "Nimechoka tu, mama," akarudi chumbani.

Nikamgeukia mkwe. Ni fundi bomba, kijana mpole, mikono mikubwa, sauti ndogo. Alipiga simu kesho yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemfanya nini mwanangu?"

"Sijamfanya kitu, mama. Atakueleza mwenyewe. Amekula?"

"Hajala. Nieleze wewe."

"Aliniomba nisiseme. Nisamehe, mama." Na kweli hakusema. Nikamlaani kimoyomoyo, halafu nikaona haya, maana sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia.

Basi nikawa nauliza. Nauliza asubuhi nikipeleka chai, nauliza mchana nikipeleka chakula, nauliza nikichukua vyombo. Na kila nilivyouliza ndivyo alivyozidi kugeukia ukutani. Nguo zilimlegea. Nywele hakuchana. Usiombe kumwona mwanao anakonda ndani ya nyumba yako, sahani imejaa, na hujui unapigana na nini. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko siku baba yake alipolazwa, maana yule angalau alinionyesha panapouma.

Kitu pekee alichokishika ni simu. Ilikuwa inatoa sauti, tiki, tiki, tiki, halafu kamuziki ka kusikitika, halafu tiki, tiki tena. Siku moja nikaingia na nguo zilizonyooshwa, nikachungulia begani kwake. Nilidhani nitakuta ujumbe wa mtu. Nikakuta mchezo.

Ndani ya simu kulikuwa na ghala, na ndani ya ghala kibarua mmoja mdogo, kichwa kikubwa, miguu kama njiti za kiberiti. Masanduku yanakuja kwenye mkanda, naye anatakiwa ayapeleke kwenye rafu. Ila huwezi kumshika mkono. Unampangia amri pembeni, moja chini ya nyingine: nenda mbele, geuka, beba, weka, rudia. Ukimaliza unabonyeza kitufe cha kijani, na kuanzia hapo huna lako. Unabaki kutazama.

"Nipe nijaribu," nikasema. Sijui kwa nini nilisema. Nadhani nilikuwa nimechoka kubeba vyombo.

Akanipa, akanifungulia mwanzo kabisa, levo, yaani hatua, ya watoto. Nikapanga amri zangu: nenda, beba, geuka, nenda, rudia. Kitufe. Yule bwana akaenda, akabeba sanduku, akageuka, akaifikia rafu, akaipita. Akafika mlangoni na sanduku lake kifuani, akageuka, akarudi, akaipita rafu tena.

"Weka chini, we zuzu! Rafu si hiyo hapo!"

"Hujamwambia aweke, mama."

"Kwani haoni?"

"Haoni kitu. Anafanya ulichosema."

"Hana akili?"

"Akili ni zako," akasema binti yangu, na ncha ya mdomo wake ikapanda kidogo upande mmoja.

Lo! Tangu aje hakuwa amenipa maneno mengi hivyo kwa mpigo. Nilitamani kumrukia nimkumbatie, lakini nikajizuia, nikakaza macho kwenye simu nikajifanya nimeudhika na Zuzu, maana jina lilikuwa limeshamkaa. Kichwani nilikuwa napiga hesabu zangu. Mtu anayejua kitu hawezi kumtazama asiyejua akikivuruga halafu akanyamaza. Mimi mwenyewe hiyo ndiyo tabia yangu. Mtu akinipimia dirisha vibaya mbele yangu, hata kama si mteja wangu, lazima niingilie. Na huyu ni damu yangu. Nikaona nimepata mlango.

Kuanzia hapo kila nikimaliza pindo moja naenda chumbani kwake kuharibu mambo. Nampeleka Zuzu ukutani anagonga, anagonga, anagonga. Nampandisha mkandani. "Mama, hapana, geuza kwanza." "Mama, umerudia ndani ya rudia." Anakaa kitandani, halafu anashusha miguu, halafu siku moja akaja mwenyewe chumba cha mbele, akavuta kile kiti cha wateja karibu na cherehani yangu. Akala ndizi iliyokuwa mezani bila kuambiwa. Nikajifanya sikuona.

Ila makusudi yangu hayakuenda mbali, kwa sababu baada ya levo chache sikuhitaji tena kujifanya. Nilikwama kweli. Mchezo ukaleta amri inayoitwa "kama". Kama sanduku ni jekundu, geuka kushoto. Nikamwambia hivyo. Sanduku jekundu likaja, akageuka kushoto, safi. Likaja la bluu, akasimama. Akasimama tu, mkanda unamwaga masanduku miguuni pake mpaka akafunikwa. Nikapiga meza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sawa, lakini huyu alisikia la mkuu neno kwa neno na guu likavunjika vilevile!

"Hukumwambia la bluu afanye nini," binti akasema.

"Mtu mzima anaambiwa kila kitu?"

"Huyu ndiyo."

Nikamchukia Zuzu. Nilimchukia nikipika, nilimchukia nikioga. Na kumbe ndiyo unanaswa hivyo, maana chuki yenyewe haikuachi ukae. Unasema basi, silitaki tena hili balaa, unaweka simu, unashika mkasi, na kabla hujakata hata shubiri moja unasema, ngoja, je nikimwambia ahesabu kwanza? Unarudi. Na ile mara moja anapokwenda sawasawa, anabeba, anageuka, anaweka, sanduku baada ya sanduku, na wewe umekunja mikono hugusi chochote, we! Unajisikia umeumba mtu. Nilisahau pasi juu ya pazia jeupe la mama mmoja wa benki, nikastuka kwa harufu. Umbo zima la pasi, kahawia, katikati kabisa.

Binti yangu akacheka. Akacheka kwa sauti, akashika mbavu, akasema, "Mama, umekwisha!" Nami nikacheka, na pazia la watu limeungua mikononi mwangu. Nilinunua kitambaa kingine na wala sikuumia.

Siku hiyo tukifumua ndoano za juu za pazia lililoungua nikamuuliza, kwa upole kwa mara ya kwanza, anapenda nini kwenye kitu kinachotesa hivi.

Akafikiri. "Ukikosea, kinarudi mwanzo," akasema. "Sanduku liko palepale, zima. Hakuna aliyeumia."

"Laiti na kitambaa kingekuwa hivyo," nikajibu mimi, na mdomo wangu. Akaitika "ehe," akaendelea kufumua. Nilipita juu ya neno lile kwa miguu yangu miwili, sikusikia kitu.

Sasa, kulikuwa na levo moja iliyomshinda. Alikuwa nayo tangu kabla hajaja kwangu. Masanduku yanakuja makubwa na madogo yamechanganyika, lazima yapangwe makubwa chini, madogo juu, na nafasi za kuandika amri ni chache, utadhani mwenye mchezo anazinunua. Levo nyingine zote alikuwa amezimaliza. Hiyo alikuwa anaikalia kila siku, anapanga, anabonyeza, anatazama inavunjika, anafuta, anapanga tena. Nikimwambia tutafute mtu aliyeiweza atuonyeshe, anakataa kabisa. "Niachie hii. Nataka kuiona mwenyewe."

Nami ningemwachia, Mungu shahidi. Lakini mchana mmoja aliingia kuoga, simu akaiacha karibu na cherehani, na bobini yangu ilikuwa imeisha uzi. Nikasema nimguse Zuzu kidogo tu. Nikajaribu hivi, ikavunjika. Nikajaribu vile, ikavunjika. Halafu, kwa hasira tu, nikamwamuru arudi nyuma mikono mitupu kabla hajaanza kazi. Upuuzi mtupu. Nikabonyeza. Zuzu akarudi nyuma, akaanza, akabeba, na sanduku likakaa mahali pake. La pili likakaa. La tatu. Nikasimama. Mpaka la mwisho likapanda juu, nyota zikamwagika kwenye kioo, muziki ukalia, na mimi nikapiga vigelegele kama niko harusini!

Binti akatoka mbio na taulo, sabuni sikioni, akidhani nimejikata. Akaona simu. Akaona uso wangu.

"Umeifungua," akasema.

"Nimeiweza, mwanangu! Njoo uone, kumbe ni kitu kidogo tu, unamwambia..."

"Usiniambie!" Aliziba masikio. Mwanamke mzima, amesimama chumba cha mbele na taulo, ameziba masikio kama mtoto, na machozi yanashuka. "Usiniambie jibu, mama. Kila mtu ana jibu langu. Kila mtu. Nilikuwa nimebaki na hii tu."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Sauti ya ufunguo niliisikia.

Mimi nikaketi. Mtu mwingine angesema, ni mchezo wa simu, mtoto anadeka. Hata mimi miezi iliyopita ningesema hivyo, na ningeyasemea mlangoni asikie. Lakini nilikuwa nimeshakaa na Zuzu, nimeshajua ule mwasho wa kutaka kuona mwenyewe. Nilijua nilichomchukulia. Na nilijua kitu kingine pia, kwamba haulilii mchezo. Yale machozi yalikuwa na mahali yalipotoka, na mimi nilikuwa nimekaribia kufika nikaufunga mlango mwenyewe. Nikachukua simu, nikatafuta panapofutwa, nikazifuta amri zangu zote mpaka pale pembeni pakawa patupu. Nikaipitisha chini ya mlango.

"Sijakuonyesha," nikasema kwenye tundu la ufunguo. "Na sitasema. Hata ukiniuliza."

Baada ya muda nikasikia tiki, tiki.

Alitoka kesho yake mchana, akavuta kiti chake. Na hapo ndipo nilipoyaona. Jamani, mnajua kukaa na jibu mdomoni? Anapanga amri, namwona anakosea amri ya pili, na ulimi unaniwasha. Naweka pini midomoni ili niwe na sababu ya kuufumba. Anabonyeza, inavunjika, anashusha pumzi, nami nashona. Mara moja alikuja jirani kabisa na jibu langu, kidole chake kilikuwa juu yake, ikabaki kugusa tu, akakiondoa. Nilijichoma sindano. Wateja waliingia wakatoka bila ushauri, mmoja akaniuliza kama naumwa.

"Labda haina jibu," binti akasema siku hiyo, simu mapajani.

Nikatoa pini mdomoni. "Endelea," nikasema. "Mimi nipo hapa."

Basi akaendelea, siku hiyo na nyingine. Nikagundua kitu ambacho sikuwa nakijua katika umri wangu wote, kwamba mtu anaweza kukaa karibu na mwanawe saa nzima bila kusema chochote na wote wawili wakawa wanafanya kazi. Nilimsikia anavyopumua. Alikuwa na namna ya kung'ata kucha ya kidole gumba akifikiri, ileile ya utotoni. Nilikuwa nimeisahau, maana kila nilipokuwa naye nilikuwa naongea.

Halafu alasiri moja akapanga kitu kirefu ambacho hata mimi sikukielewa. Hakikufanana na njia yangu hata kidogo. Kwa njia yake, Zuzu alikuwa anabeba sanduku, anakwenda nalo mpaka mwisho wa ghala, analiweka chini, anarudi kuchukua jingine, halafu analirudia lile la kwanza. Mzunguko mtupu. Akabonyeza kitufe. Zuzu akaanza safari, na ilikuwa safari ndefu. Tukainama wote wawili tunatazama, vichwa vimegusana.

"Nilikuwa na mimba, mama," binti yangu akasema.

Sikuinua kichwa. Sijui nani alinizuia. Zuzu alikuwa anabeba.

"Mimba ya miezi mitano. Nilitaka kuja mwenyewe nikwambie uso kwa uso. Nilikuwa nachelewesha, maana nilijua ukijua tu utakuja na cherehani, utatupangia chumba, utatupangia hospitali." Akang'ata kucha ya kidole gumba. "Nilikuwa nataka kwanza niwe nayo mimi kidogo."

Ningekuja na cherehani. Ni kweli, ningekuja siku ileile.

"Halafu akaacha kucheza. Tumboni. Nikaenda wakapima, wakapima tena. Nikamzaa, mama, nikamzaa kama watu wanavyozaa, ila chumba kilikuwa kimya." Kidole chake kilikuwa kinafuata njia ya Zuzu kwenye kioo, taratibu. "Na kila aliyekuja akawa na la kuniambia. Usilie. Jikaze. Wewe bado kijana. Wakaniambia nisimtaje, nitamsahau mapema. Mume wangu hakusema kitu, maskini, alikuwa anakaa bafuni anafungua maji ili nisimsikie. Nikaona nitakuja kwako. Nilipofika mlangoni nikaogopa na wewe utakuwa na la kusema."

Na nilikuwa nalo! Nilikuwa nalo tele. Yalikuja yote kwa pamoja mpaka yakasongamana kooni: Mungu ndiye mpaji, mwanangu. Yaliyopita si ndwele. Hata mimi kabla hujazaliwa nusura nikupoteze. Mtapata mwingine, mtaona. Najua daktari mmoja. Kila moja lilikuwa zuri, kila moja ningelisema kwa mapenzi, na kila moja lilikuwa limeshasemwa na mtu kando ya kitanda chake. Nikayameza. Yalishuka kwa shida, yanakwaruza. Mjukuu wangu alikuwa amekuja akapita, na mimi nilikuwa hapa napima madirisha ya watu.

Simu ikalia muziki wake. Nyota zikamwagika. Njia yake ndefu ilikuwa imefika, kila sanduku mahali pake, na hakuna kati yetu aliyeigusa simu.

Nilikuwa sina jibu hata moja. Nilikuwa na swali, na hilo sikulipanga, lilitoka lenyewe.

"Mtoto gani?"

"Wa kike."

"Ulikuwa umempa jina?"

Akainua uso. Nadhani hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hilo, maana alinitazama kwa muda mrefu, kama anayehakikisha kwamba kweli nataka kusikia na si kwamba nachukua pumzi ya kuongea.

"Lako, mama," akasema. "Nilimpa lako."